Nilivyosoma nadharia za uandishi nikiwa Mtwara

Nadharia za utungaji zilianza kuniingia nilipoanza kuzisoma huku madaftari ya wanafunzi wangu yakiwa mezani. Nafundisha Kiswahili na Kiingereza sekondari hapa Mtwara mjini. Shahada ya umahiri niliisoma kwa masafa, kupitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kina kituo huku kwetu. Mchana nilikuwa darasani, usiku nikisoma makala.

Makala hizo nyingi zimeandikwa Marekani, na waandishi wake wanajibizana wao kwa wao. Kila mmoja anachukulia kwamba aliyemtangulia umeshamsoma. Kwa hiyo kila nilipomaliza makala niliandika ukurasa mmoja wa Kiswahili, kana kwamba namsimulia mwalimu mwenzangu ofisini: huyu anasema nini, anabishana na nani, na akipewa daftari la Kidato cha Pili ataona nini ndani yake. Swali hilo la tatu ndilo lililonivusha.

Nilianza na Janet Emig. Mwaka 1971 alichapisha utafiti wake juu ya wanafunzi wanane wa mwaka wa mwisho wa sekondari, aliowataka waseme kwa sauti yanayowapitia kichwani wakati wanatunga. Nikamwomba kijana mmoja afanye vivyo hivyo, mada ikiwa msimu wa korosho. Akaanza na baba yake kupulizia salfa, kisha akasita: "Hapana, mwalimu, ngoja kwanza nifyeke shamba." Akarudi juu, akaandika upya. Baadaye alipofika kwenye mnada akakumbuka kwamba hajataja kuokota wala kuanika, akarudi tena. Linda Flower na John Hayes waliandika mwaka 1981 kwamba kupanga, kuyatia mawazo katika maandishi na kuyapitia havifuatani kwa zamu. Mwandishi huenda na kurudi. Nililisoma hilo usiku wa siku ileile, na nikalielewa bila msaada wa mtu.

Hata hivyo, modeli yao inachungulia zaidi kichwani mwa mwandishi. Kilichonishughulisha ni karatasi ya mwisho ya kijana yule. Alipokuwa akisema alitaja chama cha msingi cha ushirika, stakabadhi ghalani (mfumo wa kuuzia korosho kupitia maghala), na kangomba anayepita vijijini kununua korosho za mkulima aliyebanwa na shida kabla ya mnada. Hayo anayajua kunishinda. Lakini kwenye karatasi ya kukusanya akaandika kwamba korosho ni zao la biashara linaloliingizia taifa fedha za kigeni. Kangomba hayumo. David Bartholomae, mwaka 1985, alieleza kwamba kila mwanafunzi anapoketi kuandika analazimika kusema kama msomi kabla hajawa mwenyeji wa usomi, hivyo anaokota sauti anayodhani inatakiwa. Hoja hiyo ndiyo niliyoijengea tasnifu yangu. Naiona kuwa nzito kuliko zote nilizosoma, kwa sababu inahoji shule yenyewe: nani kamwambia huyu mtoto kwamba anachokijua hakifai kuandikwa?

Mwingine ninayemheshimu sana ni Mina Shaughnessy. Alifundisha City College, New York, wakati chuo kikuu cha jiji lile kilipofungua milango mwaka 1970 kwa wahitimu wa sekondari ambao zamani wasingepokelewa. Alisoma insha zao zipatazo 4,000, na katika kitabu chake cha 1977 akaonyesha kwamba makosa yao yana mantiki yanayoifuata. Nikarudi kwenye insha za Kiingereza za darasa langu. Mwanafunzi anamtaja mama yake kwa kiwakilishi cha mwanamume, mstari baada ya mstari. Kwa nini asifanye hivyo? Kiswahili chake kina kiambishi kimoja tu kwa mama na kwa baba. Tangu hapo sikuzungushia tena kila kosa wino mwekundu. Nilikusanya makosa ya aina moja kutoka madaftari tofauti, nikayaandika ubaoni, tukatafuta pamoja yanakotoka.

Nancy Sommers naye aliandika mwaka 1980 kwamba wanafunzi wakiambiwa wapitie insha hubadilisha maneno, ilhali waandishi wazoefu huumba upya hoja nzima. Hilo halikuhitaji kuthibitishwa kwangu.

Tasnifu imekwisha, mtihani wa taifa bado upo, na huko mtahiniwa hapati nafasi ya kuandika rasimu tatu. Mimi nimegawa hivi: Kidato cha Pili na cha Tatu wanaandika rasimu, wanasomeana, wanaandika tena, na maksi natoa kwa rasimu ya mwisho. Kidato cha Nne wanaandika kwa saa ya ukutani. Kijana wa korosho yuko Kidato cha Tatu sasa. Insha yake nilimrudishia bila maksi, nikiwa nimeandika pembeni swali moja: kangomba kaenda wapi?