Subaru yangu na joto la Dar

Wadau wa Subaru, jana nimejifunza kwa jasho. Impreza yangu ya injini ya EJ20, lita 2 na tabo (kile kipulizaji kinachosukuma hewa kwenye injini), nilishaifungia ekzosi kubwa na njia kubwa ya kuingizia hewa. Nikasema sasa tuongeze presha ya tabo. Fundi wangu wa Gerezani akacheka: "Kaka, ukiongeza hewa bila mafuta unachoma pistoni."

Akachomeka laptopu. Ukienda taratibu, petroli inataka hewa 14.7 kwa mafuta 1. Ukikanyaga mpaka chini tabo ikipuliza, yeye anataka 11 na ushee. Yangu ikasoma 13, yaani mafuta hayatoshi! Kumbe pampu ya mafuta imechoka, na mimi nimeshaiendesha hivyo wiki nzima, Mungu ananipenda tu.

Tukafunga pampu nyingine, akachelewesha cheche za plagi kidogo, maana saa nane mchana hapa hewa inaingia ya moto na injini inagonga, yaani mafuta yanajiwakia yenyewe ndani. (Ule mlio wa kokoto kwenye kopo, ukiusikia toa mguu.)

Sasa inavuta balaa. Jioni nikatoka nayo kuringa, nikakaa foleni ya Mwenge dakika 40, bajaji zinanipita.