Risiti ya ijara iliyonifunza kutafuta sheria

Mwaka 2022, nikiwa mwaka wa tatu wa masomo ya sheria, nilirudi nyumbani Malindi kufanya atachimenti katika ofisi ya wakili mmoja. Darasani nilikuwa nimefanya vizuri katika somo la utafiti wa kisheria. Nilijua kufungua tovuti ya Kenya Law, ambako hukumu na sheria za nchi husomwa bila malipo, na nilijua kuandika marejeo bila kukosea hata nukta. Wiki ya pili nikakabidhiwa faili moja. Faili hiyo ndiyo iliyonifunza kazi yenyewe.

Mteja alikuwa bibi wa makamo ya nyanya yangu, mkaazi wa nje kidogo ya mji. Amekaa pale tangu alipoolewa mwaka 1984. Nyumba ni yake, minazi na mikorosho ni yake, kaburi la mumewe liko pale pale. Lakini hati ya ardhi ina jina la mtu mwingine. Mtu wa pwani hashangai akisikia hivyo. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye dai alisajili, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Wengi wa Wamijikenda, wenyeji wa pwani hii, walibaki bila karatasi. Mpaka leo utamkuta mtu ana nyumba na miti juu ya ardhi isiyo yake, anamlipa mwenyewe ijara, yaani kodi ya kukaa hapo. Sasa kwa bibi huyu alikuwa ametokea mnunuzi, ameshachimbia mawe ya mpaka hadi nyuma ya jiko.

Wakili aliniuliza: je, bibi anaweza kusajiliwa kuwa mmiliki kwa sababu ya kukaa miaka mingi?

Nilikesha siku mbili nikatoa kurasa tisa. Nilitia hukumu ya Mtana Lewa dhidi ya Kahindi Ngala Mwagandi ya 2015, ambayo Mahakama ya Rufani ikiketi hapa hapa Malindi ilikataa hoja kwamba kupata ardhi kwa ukaaji kunavunja haki ya mali iliyomo katika Katiba ya 2010. Nilitia pia vifungu vya Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa, sura ya 300, nilivyovikuta kwenye notsi za wanafunzi walionitangulia. Wakili alisoma kurasa mbili, akazifunga.

“Sura ya 300 ilifutwa mwaka 2012,” akasema. “Na huyu bibi, alikuwa akimlipa nani ijara?”

Sikuwa na jibu. Sikuwa nimemuuliza.

Kosa la sheria iliyofutwa liliniuma, lakini hilo lilirekebishika kwa dakika chache: haki hizo sasa zimo katika kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Kosa la pili ndilo kubwa. Atakaye ardhi kwa ukaaji lazima awe amekaa miaka kumi na miwili, si kwa nguvu, si kwa siri, wala si kwa ruhusa ya mwenyewe. Na anayelipa ijara amekaa kwa ruhusa. Kurasa zangu tisa zilikuwa zimejengwa juu ya miaka 38 ambayo sehemu yake kubwa haihesabiki.

Nikamfuata bibi kwake. “Shikamoo, bibi.” “Marahaba, mwanangu.” Akaingia ndani akatoka na mkebe wa majani ya chai uliojaa risiti zilizokunjwa. Nyingine wino umeshaondoka. Ya mwisho ilikuwa ya Machi 2005. Baada ya hapo aliyekuwa akikusanya alifariki, na hakuja mwingine. Nilimuuliza kama aliwahi kutoa pesa yoyote baadaye, hata bila risiti. Akasema hapana, hakuna aliyekuja kudai.

Jioni ile sikufungua kompyuta. Nilichukua karatasi nikaandika swali kwa Kiswahili, kwa sababu nimegundua kwamba nikilifikiri kwa Kiingereza cha darasani najificha nyuma ya istilahi. Niliandika hivi: mtu aliyekuwa akilipa ijara bila mkataba wa maandishi, kisha malipo yakakoma, miaka yake kumi na miwili inaanza kuhesabiwa lini?

Swali hilo halikunipeleka kwenye hukumu. Lilinipeleka kwenye sheria yenyewe, Sheria ya Ukomo wa Muda wa Mashtaka, sura ya 22, ambayo siku zote nilikuwa nikiruka moja kwa moja hadi kifungu cha 38, kinachomruhusu mkaaji kuiomba mahakama asajiliwe, kwa kuwa ndicho kinachotajwa na kila mtu. Safari hii nilianza mwanzo. Kifungu cha 7 kinaweka miaka 12. Kifungu cha 12 kinasema juu ya upangaji wa mwaka hadi mwaka usio na mkataba wa maandishi: kama kodi iliendelea kupokelewa, muda unaanza siku kodi ya mwisho ilipopokelewa. Nilikisoma mara tatu nimesimama. Jibu lilikuwa ndani ya mkebe wa bibi: Machi 2005, kwa hiyo Machi 2017. Kifungu cha 41 nacho kinaitoa ardhi ya serikali nje ya mambo haya, ila upekuzi rasmi wa rejista ya ardhi ulionyesha kwamba ardhi hii ni ya mtu binafsi.

Ikabaki barua. Mnunuzi alinunua mwaka 2013 kutoka kwa warithi, na Agosti 2016 akamwandikia bibi ahame. Mwaka wa kumi na mbili, kabla haujatimia! Nilihisi tumbo limenikata. Kama ununuzi ule au barua ile ilikatiza muda, basi hakuna kesi.

Hapo ndipo nilipoisoma hukumu ya Githu dhidi ya Ndeete ya 1984 kwa mara ya kwanza, ingawa nilikuwa nimeshaitaja kwenye kurasa zangu tisa. Nilikuwa nimenakili aya moja tu, niliyoikuta imenukuliwa ndani ya hukumu nyingine: kubadilika kwa mmiliki hakukatizi muda wa aliyekaa. Nilipoisoma nzima nikakuta jambo ambalo aya ile haikulibeba. Mwenye ardhi anakatiza muda kwa kwenda mahakamani au kwa kuingia kikweli katika ardhi yake. Ilani ya kumtaka mtu ahame haitoshi. Nilichukua jina la hukumu hiyo, nikalitia ndani ya alama za nukuu na kutafuta hukumu za baadaye zilizoitaja, moja baada ya nyingine, nione kama Mahakama ya Rufani imewahi kuikana. Sikuona imekanwa. Kazi hiyo ilinichukua siku nzima na sijutii hata saa moja.

Nilimpelekea wakili kurasa tatu. Akaniuliza swali moja: “Barua ile, bibi aliijibu?” Kwa sheria hiyo hiyo, kifungu cha 23, anayekiri kwa maandishi haki ya mwenye ardhi anaanza kuhesabu upya. Safari hii nilikuwa nimeshauliza. Bibi aliniambia, “Nijibu nini, mwanangu, nami sijui kusoma?” Wakili akatikisa kichwa kukubali, akaanza kuandika.

Amri ya 37, kanuni ya 7, ya Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai, inataka ombi la namna hii liambatishwe na dondoo la rejista ya ardhi lililothibitishwa. Nikatumwa Kilifi kulifuata, mara mbili. Kisha nikapewa kazi ya kumsomea bibi kiapo chake kwa Kiswahili kabla ya kutia dole gumba mbele ya kamishna wa viapo. Alisikiliza amefumba macho. Alinisimamisha mara mbili: mkorosho wa kisimani ulipandwa na mumewe, si yeye, na ijara ya mwisho aliipeleka kwa mkono wake mwenyewe, hakumtuma mtoto kama nilivyoandika. Nikaomba dakika kumi, nikarudi mezani nikaandika upya aya ya saba na ya tisa.