Dokezo Lililorudi na Neno Moja

Mwaka 2017 nilihamia Dodoma nikiwa na umri wa miaka 25, nimeajiriwa kutunza kumbukumbu katika taasisi ya umma ambayo, baada ya Serikali kutangaza mwaka uliotangulia kwamba safari hii inahamia kweli kwenye makao makuu yaliyoamuliwa tangu 1973, ilikuwa imefungasha mafaili yake Dar es Salaam na kuyashusha katika nyumba ya kukodi Area C. Wizara kadhaa zilikuwa zimejihifadhi kwa muda katika majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma. Masjala yetu sisi ilikuwa sebule, na mafaili yaliyozidi tuliyapanga katika kabati la jikoni.

Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kazi miaka miwili katika kampuni binafsi Dar es Salaam, ambako bosi alitaka tumwite kwa jina lake, na aliyeona ugumu alitanguliza "kaka" au "dada" yakaisha. Kwa mazoea hayo, siku yangu ya tatu kazini nilifungua mlango wa chumba cha mikutano nikiwa na faili lililokuwa likitafutwa tangu asubuhi, nikamwita Mkurugenzi "dada", nikafuatisha na jina lake, mbele ya wageni watatu waliotoka wizarani. Mkurugenzi alikifunga kifuniko cha kalamu yake polepole, akanyoosha mkono kulipokea faili bila kunitazama. Nilipotoka, katibu muhtasi, mama mtu mzima aliyekuwa amesikia kila kitu, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huyo ni dada yako wa wapi?"

Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake nilikuwa na dokezo sabili, yaani ujumbe mfupi wa maandishi wa ndani ya ofisi, la kuandika, la kuomba makabati manne ya chuma, nikaona ndiyo nafasi ya kujisafisha. Nilianza hivi: "Mheshimiwa Mkurugenzi, shikamoo. Ni matumaini yangu kuwa u mzima wa afya na unaendelea vyema na majukumu mazito ya kulijenga taifa." Makabati yalitajwa mstari wa sita. Alasiri dokezo lilirudi, na pembeni palikuwa na neno moja kwa mwandiko wake: "Tuonane." Aliyewahi kufanya kazi serikalini analijua neno hilo, maana halikuelezi kama unaitwa kupongezwa au kusomewa mashtaka.

Alinikaribisha kiti, jambo ambalo sikulitarajia, kisha akapiga mstari chini ya neno la kwanza. "Huyu ni nani? Mheshimiwa ni mbunge, ni waziri, ni hakimu. Mimi ni mtumishi kama wewe. Andika 'Mkurugenzi', weka kichwa cha habari, sema unachokitaka, malizia na 'Naomba kuwasilisha'. Na hii shikamoo ya kwenye karatasi, nitaiitikia wapi?"

Nilijikaza nikaomba radhi kwa lile la "dada". Hakuonekana kuwa na kinyongo. Alisema kwamba wale wageni hawakunijua, na kwamba mtu wa nje akisikia kijana mgeni kazini anamwita mkuu wake dada, anaondoka akijua kuwa mama yule amemwajiri mdogo wake. Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Siku zote nilidhani cheo hutajwa ili kumfurahisha mwenye nacho (na wapo wanaofurahi, tusidanganyane), kumbe pale lilikuwa suala la kutulinda sote wawili.

Asubuhi iliyofuata nilimtazama dereva wetu kwa macho mengine. Alikuwa mzee wa Kigogo, mwenyeji wa Mvumi, amebakiza miaka miwili afikishe 60 astaafu, na kila tulipopanda gari alitusalimu "mbukwenyi" huku akigeuka atuone wote. Mkurugenzi, ambaye umri wake ulikuwa sawa na wa binti wa kwanza wa mzee huyo, alipokaribia gari, mzee alivua kofia na kufungua mlango. Sikujua nani angeanza. Mkurugenzi ndiye aliyetangulia: "Shikamoo, mzee." Naye, kofia ikiwa bado kifuani, akajibu, "Marahaba, Mkurugenzi."

Wiki mbili baadaye, Jumamosi, tuligongana na Mkurugenzi soko la Majengo, yeye akiwa na kanga kiunoni akichagua zabibu, mimi na fungu langu la mchicha. Nilisimama kidogo nikipima, kisha nikasema, "Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu, hujambo?" akaitikia huku akicheka, akadondosha zabibu mbili kwenye kiganja changu nionje. Nilikuwa bado natafuna alipouliza, "Lile faili la mikataba umelirudisha masjala?"

Lilikuwa bado jikoni.