Kuvuta trela kwa gari la chesisi au la bodi moja: mimi huanza na ekseli ya nyuma

Nimevuta trela kwa aina zote mbili: magari ya chesisi ya ngazi, ambayo bodi hukalia vyuma viwili virefu, na yale ambayo bodi ndiyo chesisi yenyewe, mabati yaliyochomelewa yakawa kitu kimoja. Swali la lipi lina nguvu zaidi halinisaidii sana. Land Rover Defender iliyoingia sokoni 2020 iliachana na chesisi ya ngazi, na matoleo yake mengi bado yanaruhusiwa kuvuta kilo 3,500, kiwango kilekile cha pikapu nyingi za chesisi.

Hesabu ninayoianza ni hii. Trela ya kilo 1,200 naipanga ilalie tufe la kuvutia, yaani mpira wa chuma ulio nyuma ya gari ambao trela hushikia, kwa asilimia 10 ya uzito wake, yaani kilo 120, mradi kitabu cha gari kinaruhusu. Tufe likiwa mita 1.1 nyuma ya ekseli, na ekseli zikiwa zimeachana mita 2.7, ekseli ya nyuma haiongezewi kilo 120 bali karibu 169. Hizo 49 zimenyanyuliwa kutoka mbele. Magari mengi ya bodi moja husukumwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo mshiko unapungua palepale panapovuta na kukata kona. Kwenye mlima wa kokoto tairi zitazunguka bure. Pikapu inayosukumwa na nyuma inaufurahia uzito huohuo.

Kilo hizo 120 pia ni mzigo wa gari. Gari linaloruhusiwa kubeba kilo 450, likiwa na watu wa kilo 300 na mabegi ya 60, limebakiwa na 90 tu. Injini itavuta bila kulalamika. Springi na tairi za nyuma ndizo zitakazolipa.

Kwenye bodi moja ufungaji wa chuma cha kuvutia, kile kinachobeba tufe, ndio kila kitu. Natumia matundu ya kiwandani tu, sitoboi mapya. Nakwangua lami ya kuzuia kutu pale chuma kinapokutana na bodi, napaka rangi ya zinki, kisha nakaza kwa spana inayopima nguvu ya kukaza. Bolti ya milimita 12 yenye daraja la uimara la 8.8 hukazwa kwa karibu Nm 80 (newton-mita), lakini karatasi ya maelekezo ya chuma hicho ndiyo yenye neno la mwisho. Lami ikiachwa hubanwa na kutoka polepole, bolti inalegea, tundu linapanuka, na ufa wa rangi unaonekana kwenye mishono ya kuchomelea. Baada ya kilomita 80 hivi nakaza tena. Vyuma vya kusambaza uzito, vinavyorudisha sehemu ya uzito kwenye ekseli ya mbele, navifunga bila wasiwasi kwenye chesisi. Kwenye bodi moja nasoma kitabu kwanza, maana baadhi ya watengenezaji wanavikataza.

Kupima uzito wa mkono wa trela, yaani ule unaolalia tufe, sihitaji karakana. Naweka mizani ya kupimia watu, juu yake kipande cha mbao kinachofikia urefu wa tufe, nateremsha kichwa cha trela, magurudumu yakiwa yamezuiwa. Ikisoma chini ya kilo 100, nasogeza mzigo mbele kidogo. Mkono mwepesi ndio unaofanya trela iyumbe. Mwisho napima kutoka ardhini hadi ukingo wa madigadi ya mbele, kabla na baada ya kuunganisha. Madigadi ikipanda sentimita 3 au zaidi, napunguza mzigo.