Taa ya stereo haiwaki kwenye tuna ya FM ya miaka ya 1970

Stesheni inasikika safi ila taa ya stereo haiwaki? Usikimbilie kubadili IC (chipu). Hakikisha kwanza balbu haijaungua, kisha pima umeme: kapasita kubwa za pawa saplai zikikauka, volti hushuka na dikoda (sehemu inayotenganisha sauti ya kushoto na ya kulia) hushindwa kufanya kazi. Weka mpya zenye µF (mikrofaradi) zile zile, volti sawa au zaidi.

Kwa dikoda ya IC aina ya MC1310, zungusha kitafuta stesheni hadi mahali pasipo na stesheni, unganisha kipima masafa (frequency counter) kwenye pini ya 10, halafu zungusha taratibu risista ya kurekebishia iliyo pini ya 14 hadi isome 19.00 kHz.

Koili za 10.7 MHz (za masafa ya kati, IF), tafadhali, usiziguse! Kiini chake cha feraiti hupasuka kirahisi, na bila jenereta ya mawimbi hutaweza kurudi ulipoanzia.