Juu ya mnara Newala

Jana nilikua juu ya mnara wa simu Newala, kama mita 60 hivi, kusi inavuma mpaka mnara unayumba, ukiwa chini huoni kitu ila juu unausikia kwenye nyayo kabisa. Hanesi, ule mkanda wa kujifunga mwilini, ina kamba mbili, unafunga moja ndo unafungua nyingine, hakuna sekunde ya kubaki bila kufungwa hata uwe fundi mzoefu vipi, hapo mi sina utani. Kazi ilikua kunyoosha dishi linalotazamana na mnara wa pili, likihama kidogo tu mtandao unakata, sasa bolti imeshika kutu nimehangaika nayo karibia lisaa vidole vimekufa ganzi. Kusini naliona bonde la Ruvuma lote, ng'ambo ile Msumbiji.

Nashuka, namkuta bibi mmoja kakaa chini ya mkorosho na simu mkononi, "mwanangu, mtandao umerudi?" Nikamwambia jaribu bibi. Akampata mwanae Dar pale pale, akawa anacheka huku anafuta machozi.

Leo tumelala gesti Nachingwea, kesho Liwale, vumbi tupu. Binti yangu kanipigia tena usiku, swali lake lile lile, "baba ushashuka?"