Betri ya kubandua kwa ukucha

Jana nilikaa karibu saa mbili kwenye kibanda cha fundi simu Kariakoo, nikimtazama akipasha moto mgongo wa simu yangu ili gundi ilainike, kisha akipenyeza kadi nyembamba ya plastiki ukingoni, taratibu, kwa hofu ya kuvunja kioo. Tatizo lilikuwa moja tu: betri ilikuwa imevimba hata kifuniko kikaanza kuachana na fremu.

Wenzangu wanatamani kamera kali zaidi au simu ya kukunjwa. Mimi ninatamani kurudishiwa kile kifuniko tulichokuwa tukikibandua kwa ukucha (na redio ya FM isiyokula bando, lakini hiyo tuiache kwa leo). Samsung Galaxy S5 ya mwaka 2014 ilikuwa nacho na bado ilistahimili maji, kwa hiyo sishawishiki na hoja kwamba simu isiyoingiza maji ni lazima ifungwe kwa gundi. Betri za lithiamu huchakaa hata simu ikitunzwa kama yai, ilhali sehemu nyingine zote zinaweza kuwa bado nzima.

Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni inayotaka betri za vifaa vidogo ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe kuanzia Februari 2027, ingawa imeacha mianya kwa watengenezaji.

Fundi alipomaliza, aliifunga simu kwa mipira miwili na kunionya nisiifungue hadi asubuhi, gundi ikauke.